Kompyuta Inayojizima Ovyo: Namna ya Kupima RAM Nyumbani Kabla ya Kununua Nyingine

Kompyuta iliyokufa kabisa haisumbui kama ile yenye homa za vipindi, ambayo asubuhi inafanya kazi bila kasoro, mchana inaganda katikati ya sentensi, jioni inajizima na kujiwasha yenyewe, na kesho yake ukiifikisha kwa fundi inatulia kama mtoto aliyeona sindano. Mwongozo huu unahusu chanzo kimoja cha homa hizo, yaani RAM mbovu (RAM ni kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data inazozifanyia kazi), na umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Mtwara, Lindi, Masasi au Kilwa ambaye mara nyingi huagiza vipuri Dar es Salaam na kuvisubiri vije kwa basi, hivi kwamba kununua kisichohitajika kunamgharimu fedha pamoja na siku za kusubiri.

Baba yangu mkubwa anaishi Mikindani, na kompyuta yake ya mezani, ambayo ni mtumba wa ofisini, ndiyo inayotunza hesabu za korosho za familia. Msimu uliopita alipigiwa Windows mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kila mara akalipa, na kila mara mashine ikatulia siku mbili kisha ikarudia yale yale. Nilipofika na kumwamkia hakunipa hata nafasi ya kukaa: "Marahaba mwanangu, hebu niambie, hii Windows huwa inaoza?" Windows haiozi, lakini ikiwekwa juu ya kifaa kibovu itaharibika kama ile iliyoitangulia. Kilichonifanya niishuku RAM ni maelezo yake kwamba mara ya tatu hata kazi yenyewe ya kuweka Windows ilikwama mara mbili, kila mara katika hatua tofauti na kwa ujumbe tofauti wa kosa.

Kosa la RAM linavyojitokeza

RAM hutunza kila biti, yaani kila sifuri au moja, kama chaji ndogo ya umeme ndani ya seli, na chaji hiyo huvuja, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuihuisha kila seli angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Seli dhaifu huishiwa chaji kabla zamu yake haijafika, na joto huongeza kasi ya uvujaji. Ndiyo maana RAM yenye kasoro inaweza kufaulu vipimo vyote usiku wa baridi na kushindwa saa nane mchana katika chumba kisicho na feni.

Madhara ya biti moja kugeuka ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika faili la maandishi ya kawaida, tarakimu 1 huhifadhiwa kama 00110001 na tarakimu 9 kama 00111001, ambazo zinatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, kilo 1,200 zinakuwa kilo 9,200, na hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini. Herufi k, ambayo ni 01101011, ikipoteza biti yake ya mwisho inakuwa j, na "korosho" inasomeka "jorosho". Kosa likiangukia kwenye maandishi, pengine utaliona na kucheka. Likiangukia kwenye maagizo ya Windows yenyewe, mashine inaganda au inaleta skrini ya bluu. Kompyuta za seva hutumia RAM ya aina ya ECC ambayo hugundua na kusahihisha kosa la biti moja, lakini kompyuta nyingi za nyumbani hazina kinga hiyo.

Kwa sababu kosa huangukia popote, dalili kuu ya RAM mbovu ni kutotabirika. Leo kivinjari kinajifunga, kesho ni programu ya kuchapa, keshokutwa faili lililobanwa linakataa kufunguka ingawa jana lilifunguka. Skrini za bluu nazo hubadilisha majina: mara MEMORY_MANAGEMENT, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Jina moja peke yake halithibitishi chochote, kwani programu mbaya ya kuendeshea kadi ya mtandao inaweza kuleta hilo la tatu kila siku, ila mchanganyiko wa majina yasiyohusiana ni jambo la kulitilia maanani. Kompyuta ikigoma kabisa kuwaka na kutoa milio ya vipindi huku skrini ikiwa nyeusi, anza kwa kukagua RAM. Maana ya milio hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo ihesabu na kuilinganisha na kitabu cha mashine yako badala ya kukisia.

Zipo dalili ambazo watu huitupia RAM lawama bila haki. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila umeme unapokatika, tatizo ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Mashine ikizimika ghafla kama iliyochomolewa, bila skrini ya bluu na bila kuganda, hasa jirani anapowasha mashine ya kuchomelea au taa zinapofifia, angalia kwanza umeme wa nyumba na pawa saplai, yaani kifaa kinachoigawia mashine umeme. Ikizimika tu pale inapofanya kazi nzito, pima joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Likikaribia nyuzi 100, safisha feni na ubadilishe dawa ya kupitishia joto iliyokauka. Niseme wazi kwamba katika nyumba zetu umeme na joto havitangulii kuondolewa lawama, bali hubaki washukiwa hadi RAM ipimwe.

Kabla ya kipimo chochote, linda kumbukumbu zako

Wengi hukosea hapa, nami niliwahi kukosea vilevile. Kompyuta ikianza kuyumba, silika ya mtu ni kunakili mafaili yote haraka kwenye flashi, juu ya nakala ya zamani. Lakini kila faili linalonakiliwa hupita ndani ya RAM ile ile inayoshukiwa, na linaweza kufika upande wa pili likiwa limeharibika. Usifute nakala ya zamani kwa kuandika mpya juu yake. Njia salama ni kuitoa diski, kuifunga kwenye kompyuta nyingine nzima, na kunakili kutoka huko. Kwa sababu hiyo hiyo, usiendeshe programu za kurekebisha diski wala usiweke Windows upya kabla RAM haijathibitishwa kuwa nzima, kwani utakuwa unamkabidhi mgonjwa kisu cha upasuaji.

Kipimo kidogo cha awali, kisichohitaji kufungua kasha, ni hiki. Chagua faili kubwa, ikiwezekana kubwa kuliko RAM yote ya mashine, kwa mfano video ya harusi yenye gigabaiti 10. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike certutil -hashfile, kisha njia ya faili, kisha SHA256. Baada ya dakika kadhaa utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Rudia amri mara tatu. Faili ambalo halijaguswa lazima litoe mstari ule ule kila mara. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, ujue kuna kifaa kati ya diski na prosesa kinachosema uongo. Kipimo hiki hakitaji jina la mwongo, na mistari ikifanana haimaanishi kwamba RAM ni nzima, lakini kwa baba mkubwa jibu la pili lilitofautiana na la kwanza, na hilo lilitosha kumwambia asilipe kupigiwa Windows mara ya nne.

Kupima kwa programu

Windows ina kipimo chake cha RAM. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, na ukubali kuwasha upya. Kipimo kikianza, bonyeza F1 na uchague Extended, kwa sababu kile cha kawaida ni chepesi mno. Matokeo mara nyingi hupita upesi baada ya kuwaka au hayaonekani kabisa. Yatafute katika Event Viewer, programu ya Windows inayoorodhesha matukio, kwenye kumbukumbu za System, chini ya jina MemoryDiagnostics-Results. Kikisema kuna kosa, kiamini. Kikisema hakuna, usikiamini moja kwa moja, maana kwa uzoefu wangu huachilia kasoro ndogo ndogo.

Kipimo ninachokitegemea ni Memtest86+, programu ya bure ambayo haipiti ndani ya Windows bali huwaka yenyewe kutoka kwenye flashi na hivyo kuifikia karibu RAM yote. Pakua kutoka tovuti ya wenyewe kwa kutumia kompyuta nzima, si ile inayougua. Itengeneze kwenye flashi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa. Washa mashine huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia, ambacho kwa Dell na Lenovo kwa kawaida ni F12 na kwa HP ni F9. Ikikataa kuwaka, huenda ukalazimika kuzima Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizotambuliwa kuwaka, ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Hapo hakikisha kwanza kwamba unao ufunguo wa BitLocker kama diski yako imefungwa kwa usiri, la sivyo Windows inaweza kukudai ufunguo huo siku utakaporudi.

Kabla ya kuanza, ingia BIOS uangalie kama XMP au EXPO imewashwa. Mipangilio hiyo huikimbiza RAM kwa kasi iliyo juu ya ile ya kawaida, na RAM nzima inaweza kuonekana mbovu kwa sababu tu inakimbizwa kuliko mazabodi au prosesa inavyoweza kustahimili. Izime, upime kwa kasi ya kawaida. Makosa yakitoweka, umepata jibu bila kununua kitu.

Iache Memtest86+ izunguke angalau mara nne. Mzunguko wa kwanza hufupishwa makusudi, kwa hiyo usifurahi mapema. Kwa gigabaiti 8 kwenye mashine ya zamani mzunguko mmoja unaweza kuchukua saa moja au zaidi. Umeme ukikatika katikati, hakuna kinachoharibika, kwani programu hii haiandiki chochote kwenye diski. Utaanza tu upya, jambo ambalo linachosha pale unapokatika usiku kila baada ya saa mbili. Mwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) aitumie, na asiye nayo apime kila kipande cha RAM peke yake ili mzunguko uwe mfupi.

Kwa baba mkubwa nilianza saa mbili usiku, madirisha yakiwa wazi na upepo wa bahari ukiingia, na hadi alfajiri hapakuwa na kosa hata moja. Nilikaribia kumwambia kwamba RAM ni nzima. Lakini malalamiko yake yote yalikuwa ya mchana, kwa hiyo nikarudia kipimo saa sita na nusu, madirisha yakiwa yamefungwa na kasha likiwa mahali pake pa siku zote, pembeni ya ukuta unaopigwa na jua. Dakika ya arobaini mistari myekundu ikaanza kushuka. Pima katika hali ile ile ambayo ugonjwa hujitokeza.

Kuhusu idadi ya makosa, msimamo ni mmoja: kosa moja ni nyingi mno. RAM nzima haikosei hata mara moja katika mizunguko kumi. Kitu cha kutazama ni namna makosa yalivyokaa. Programu huonyesha anwani, thamani iliyotarajiwa na thamani iliyopatikana. Anwani zikiwa chache na zile zile, seli fulani zimechoka. Anwani zikiwa zimetawanyika kote lakini biti inayokosewa ni ile ile moja daima, shuku waya mmoja wa data, yaani jino moja la RAM (kiguso chake cha chuma) lisilogusa vizuri ndani ya sloti, mahali inapochomekwa. Kwake ilikuwa hivi, na sikushangaa, kwani nyumba iko umbali wa kutupa jiwe kutoka baharini.

Kufungua, kusafisha na kutenganisha

Chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM, na urudie kila unaporudi kutoka kwingine. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na kwa hiyo umeme tuli si mwingi kama katika nchi kavu, lakini tahadhari hii haigharimu kitu. Sukuma vishikizo vya pande mbili, kipande kitajiinua. Kishike kwa kingo zake.

Tazama meno ya dhahabu chini ya mwanga mkali. Meno mazima hung'aa kwa rangi moja. Kwenye kipande cha pili cha baba mkubwa, meno matatu ya upande mmoja yalikuwa na utando mwembamba wa kijani kuanzia mzizini, rangi ambayo kila mkazi wa Mikindani anaijua kutoka kwenye bawaba na nyaya za shaba. Futa kwa kifutio cheupe laini cha penseli, taratibu, kwa kwenda upande mmoja kuelekea nje, ukiwa mbali na mazabodi ili vumbi la kifutio lisiingie ndani. Malizia kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na uache vikauke kabisa. Usitumie msasa wala kisu. Dhahabu hiyo ni tabaka jembamba sana, na ukiliondoa utaikaribisha kutu badala ya kuifukuza. Sloti isafishe kwa brashi mpya laini ya rangi, si kwa kupuliza na mdomo, maana pumzi ina maji na mate yana chumvi.

Rudisha kipande kimoja tu na usukume kwa nguvu sawa pande zote hadi vishikizo vijifunge kwa mlio. Mara nyingi zaidi vipande huwa havijakaa sawasawa kuliko kuwa vibovu, na nimeona mashine kadhaa zikipona kwa kitendo hiki peke yake. Kisha shika daftari. Vipe vipande majina A na B kwa kipande cha plasta, upime A katika sloti ya kwanza, A katika ya pili, B katika ya kwanza na B katika ya pili, ukibadilisha jambo moja tu kila mara na kuandika matokeo papo hapo. Mazabodi nyingine hazikubali kuwaka kama kipande kimoja hakiko kwenye sloti maalumu, kwa hiyo angalia kitabu chake au mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko.

A akishindwa katika sloti zote mbili na B akifaulu katika zote, A ndiye mbovu. Wote wakishindwa katika sloti moja ile ile, sloti ndiyo mbovu, au kuna kasoro kwenye prosesa, kwa sababu prosesa za sasa ndizo zinazoiongoza RAM moja kwa moja. Hata pini moja iliyopinda chini ya prosesa inaweza kuleta hali hii. Kila mmoja akifaulu peke yake lakini wakishindwa pamoja, huenda hawapatani kwa kasi au kwa aina, au pawa saplai imechoka. Mwenye mita na anayejua kuitumia apime waya wa volti 12 mashine ikiwa kazini: inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6.

Mwenye laptopu ambayo RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi hana vipande vya kubadilishana. Kama anwani mbovu ni chache, Linux inaweza kuagizwa kuziruka kupitia mpangilio wa GRUB_BADRAM, na Windows kupitia orodha ya badmemorylist ya amri ya bcdedit, lakini hii ni fimbo ya kutembelea, na seli nyingine zinaweza kufuata. Laptopu hiyo isitunze hesabu za watu.

Ikibidi kununua

Soma lebo ya kipande cha zamani na utume picha yake kwa muuzaji badala ya kumweleza kwa mdomo kwamba unataka "RAM ya giga nane". DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la katikati ya meno limewekwa mahali tofauti makusudi. Lebo ya PC3-12800 ni DDR3 ya kasi ya 1600, na PC4-21300 ni DDR4 ya 2666. Herufi L katika PC3L inamaanisha RAM ya volti 1.35 badala ya 1.5, na laptopu nyingi zinaidai hiyo tu. Jihadhari na RAM za seva zilizotolewa kwenye mashine za ofisi kubwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa: zile za aina ya Registered hazitafanya kazi kwenye kompyuta yako hata kama zinaingia kwenye sloti bila taabu. Kubaliana na muuzaji kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba utairudisha ikishindwa kipimo, na upime siku ile ile inaposhuka kwenye basi, kabla ya kuirudisha Windows.

Baba mkubwa hakununua kitu. Baada ya kusafishwa, kipande B kilifaulu mizunguko minne saa za jua kali, tukasogeza kasha mbali na ukuta ule na dirisha la baharini, na nikamwonyesha namna ya kukitoa na kukifuta mwenyewe pale mashine itakapoanza kuyumba tena. Jambo la mwisho tulilofanya lilikuwa kuendesha sfc /scannow ili Windows ikague mafaili yake yaliyoandikwa wakati RAM ikiwa na kasoro, kisha tukafungua hesabu za msimu mzima na kuzilinganisha, mstari kwa mstari, na stakabadhi za karatasi alizokuwa amezitunza kwenye kopo la maziwa.